Chokaa ya Dudhgad

Serikali hunilipa kwa siku, si kwa jiwe,
nizibe nyufa za ukuta ambao babu wa babu yangu
huenda alilipwa kuubomoa.
Naitwa Dagdu, yaani jiwe:
mama alizika wawili kabla yangu,
akanipa jina hilo ili kifo kinipite,
kidhani sina nyama.

Ngazi ni mia saba na ushei. Sijawahi kuzimaliza.
Kwenye lango la pili, palipopigwa misumari ya chuma
ili tembo wa vita wajutie vipaji vyao,
pumzi huniishia, na hesabu pia.
Mchanga hubebwa na punda. Chokaa naibeba mwenyewe.
Chokaa haitaki pupa: unailoweka,
unaiacha itokote bila moto,
unaitia sukari guru kama walivyoitia wale.
Hula ngozi. Usiku mkate wa mtama
naushika kwa ncha za kucha.

Kibao cha bati langoni hakina maneno mengi:
nani alijenga, nani aliteka, nani aliteka tena,
*ngome ikasalimu amri baada ya miezi mitano.*
Mwaka umeliwa na kutu.
Wageni husoma, hupiga picha,
huuliza choo kiko wapi.

Kijijini, chini, wana yao.
Mwezi wa tano wa kuzingirwa, wanasema,
ghalani hata panya walikuwa wamehama,
ng'ombe wa mwisho ameliwa hadi kwato.
Jemadari wa bondeni, mwenye hema la hariri na subira ya mamba,
alisema: mzinga wangu ni njaa, haudai baruti.
Ndipo Rakhma, mjane wa mpaka chokaa,
mjane wa siku tisa tu,
akakoroga pipa zima la chokaa ya kuta,
akalimimina mferejini alfajiri.
Likashuka mwambani jeupe,
jeupe mbele ya jeshi zima.
Askari wakashika vichwa: Hawa wana maziwa ya kumwaga!
Wanaogeshea mifugo! Tutazeekea hapa!
Kabla ya mvua za kwanza mahema yaking'olewa.
Hapo msimulizi hupiga paja, watoto hucheka,
chai huletwa.

Na mimi nilicheka, mpaka nilipooa.

Sarja aliniambia usiku, akimnyonyesha kifungua mimba wetu,
kwa sauti ya mtu anayetafuta sindano gizani.
Rakhma alikuwa na mtoto, Gopya, wa miaka mitatu.
Hakujua vita. Hakujua hila.
Alijua kwamba kilicho cheupe ni maziwa
na kwamba mama anayamwaga.
Akaufuata mfereji hadi mdomoni mwake, akapiga magoti,
akakinga viganja.

Mama alimwona.
Hatua kumi na mbili.
Na bondeni macho elfu yalikuwa yamemwelekea yeye,
na ukelele mmoja tu ungewaambia kile ni nini.

Hakupiga.

Wanaume tumerithi kicheko cha hadithi hii,
wanawake wamerithi hicho kimya.
Kibao chasema ngome ilisalimu, kijiji chasema iliokoka;
wao hawaamui. Kila mwaka, mwezi ukiwa mwembamba,
hupanda na lota moja ya shaba,
humwaga maziwa, ya kweli, ya nyati, yenye povu,
kisha hushuka bila wimbo,
na aliye na mtoto mgongoni hageuki nyuma.

Juzi mhandisi alinionyesha karatasi:
mfereji wote upakwe, toka kisimani hadi mdomoni.
Nimepaka. Siku nne, magoti yangu yamevimba.
Lakini pale mwisho, ukingoni,
jiwe lina vishimo viwili vilivyokaribiana,
vidogo, laini, kila kimoja saizi ya andazi.
Huenda ni maji. Maji hutoboa jiwe, kila mwashi anajua.

Nimepaacha wazi, kiasi cha shubiri moja.
Akija kukagua nitamwambia chokaa iliniishia.